Hema Lile Halikuwa na Kiti

Somo: Waebrania 4:14–16, 10:11–22



Wiki hii nataka tuongee juu ya jambo ambalo nimelisikia mara nyingi faraghani, ofisini na kwenye ushirika wa nyumbani, lakini kanisani halisemwi kwa sauti. Mtu ameokoka miaka mingi. Anaimba kwaya, ama anakaribisha wageni mlangoni. Ukimwuliza atakujibu haraka, "Nimeokoka, namshukuru Mungu." Lakini usiku akiwa peke yake hana uhakika. Mwinjilisti mgeni akiita watu mbele, huyu anaenda. Mkutano wa injili ukija uwanjani, anaenda tena. Dada mmoja aliniambia ameongozwa sala ya toba mara nyingi mpaka ameacha kuhesabu, na kila mara huwa anatumaini kwamba "hii ya leo itashika."

Itashika! Neno hilo limekaa nami. Ni kama wokovu ni laini ya simu inayokataa kusajiliwa, unajaribu tena na tena ukingoja ujumbe wa kukubaliwa.

Na mtu wa namna hiyo huwa anaombaje? Mara nyingi haombi. Akiomba, anaomba kama mtu anayempigia simu mwenye duka huku deni la mwezi uliopita bado liko kwenye kitabu. Anaongea kidogo, anaomba radhi sana, halafu anakata haraka kabla hajaulizwa.

Sasa, barua kwa Waebrania iliandikiwa watu waliokuwa wamefika karibu na hapo. Soma sura ya 10 mstari wa 32 hadi 34 uone walikuwa kina nani. Hawakuwa wachanga katika imani. Walikuwa wametukanwa hadharani, walisimama na wenzao waliofungwa, walinyang'anywa mali na wakalipokea jambo hilo kwa furaha. Halafu wakachoka. Wengine walikuwa wameanza kuacha hata kukusanyika (10:25). Ungetarajia mwandishi awaambie wakaze mwendo, na kweli atawaambia baadaye. Lakini kwanza anawaonyesha kuhani. Sura baada ya sura, kuhani, kuhani, kuhani, mpaka wasomaji wengine huchoka na kuruka kwenda sura ya 11 kwa mashujaa wa imani. Usiruke. Mtu aliyechoka amejiangalia vya kutosha tayari. Ukimwambia ajiangalie zaidi unamwongezea mzigo.

Hebu basi tuingie kwenye hema la kukutania, tulitembelee kama wageni. Vitu vyake vimeorodheshwa kuanzia Kutoka 25. Uani unakuta madhabahu ya shaba, halafu birika ya kunawia. Ukiingia ndani kuna meza ya mikate, kinara cha taa, na madhabahu ndogo ya kufukizia uvumba. Nyuma ya pazia kuna sanduku la agano. Umeona kinachokosekana? Hakuna kiti. Watu wanafanya kazi humo asubuhi na jioni, kizazi baada ya kizazi, na Musa hakuagizwa atengeneze hata kigoda cha kuhani kupumzikia.

Mwandishi wa Waebrania aliliona hilo. Katika 10:11 anasema kila kuhani husimama siku kwa siku akifanya huduma, akitoa sadaka zile zile ambazo haziwezi kamwe kuondoa dhambi. Anasimama kwa sababu kazi haijaisha. Mwenye kupika siku ya harusi anajua maana yake: huwezi kukaa wakati sufuria bado ziko motoni na wageni bado wanaingia.

Utaniambia, "Lakini mchungaji, si kulikuwa na kiti cha rehema?" Kweli, Biblia yetu inakiita hivyo. Lakini kile kilikuwa kifuniko cha sanduku, cha dhahabu safi, chenye makerubi wawili (Kutoka 25:17–22). Hakuna mwanadamu aliyekikalia. Mungu alisema atakutana na Musa hapo juu yake, na kuhani mkuu alikikaribia mara moja kwa mwaka, siku ya kumi ya mwezi wa saba, akitetemeka. Soma Walawi 16 polepole. Sura inaanza kwa kukumbusha kwamba wana wawili wa Haruni walikufa walipokaribia vibaya. Halafu Haruni anaagizwa aoge, avae kitani, amtoe ng'ombe kwa dhambi zake mwenyewe kwanza, kisha afukize uvumba ili wingu la moshi likifunike kile kiti asije akafa. Ndipo ananyunyiza damu. Anatoka, anaingia tena na damu ya mbuzi kwa ajili ya watu. Na mwaka ujao, siku ile ile, anaanza upya.

(Hapa niseme kitu kidogo. Wahubiri wengi husimulia kwamba kuhani alifungwa kamba mguuni ili akifia ndani avutwe nje. Hadithi hiyo haiko kwenye Biblia, popote. Kengele ziko, Kutoka 28, lakini zilikuwa kwenye vazi lake la kila siku la huduma, na siku ile aliingia na kitani tu. Walawi 16 inatisha vya kutosha bila kamba yetu.)

Sasa soma 10:12. Huyu wetu alitoa sadaka moja kwa ajili ya dhambi, ya milele, halafu akaketi mkono wa kuume wa Mungu. Barua hii inasema ameketi mara nne: 1:3, 8:1, 10:12 na 12:2. Kwa msomaji Mwebrania aliyekua akijua kwamba makuhani hawaketi, hiyo ilikuwa habari kubwa. Kuhani ameketi! Basi kazi imekwisha. Hakuna sadaka nyingine inayongojwa, si kutoka kwake, wala kutoka kwako.

Ukielewa hapo, 4:16 inafunguka. Mstari huo unatuambia tusogee kwenye kiti cha enzi cha neema bila woga, na unataja kile tunachoendea: rehema, na neema ya kutusaidia wakati tunapohitaji. Kaa na hilo neno rehema. Rehema ni ya nani? Mtu asiye na kosa anadai haki yake, hahitaji rehema. Kitu kinachogawiwa pale mbele ya kiti kile ni kitu ambacho mwenye hatia peke yake ndiye anayekihitaji. Kwa hiyo yule anayesema, "Wacha kwanza nijirekebishe, nikae sawa kama wiki mbili, ndipo nitaanza kuomba," amegeuza mstari juu chini. Anataka kwenda dukani akishashiba.

Na neno linalotafsiriwa ujasiri lina historia yake. Kwa Kiyunani ni *parresia*, na asili yake ni kusema yote. Katika mji wa Athene lilikuwa neno la raia: mwenyeji wa mji angeweza kusimama kwenye baraza na kusema lililo moyoni. Mtumwa hakuwa na haki hiyo, wala mgeni. Kumbe ujasiri wa Waebrania hauna uhusiano na sauti kubwa. Unaweza kupaza sauti kwenye kesha mpaka asubuhi, ukakemea na kufunga na kufungua, na bado ndani uwe unaomba kama mgeni. Tena unaweza kunong'ona kwenye matatu, ukiwa umebanwa kati ya watu wawili, na ukawa na parresia kamili, kwa sababu unasema yote kwa Baba yako.

Nilikaa na mama mmoja kwenye benchi nje ya wodi, mtoto wake wa kiume akiwa ndani, hali mbaya. Nilipomwambia tuombe, akakataa. "Mchungaji, omba wewe. Yangu hayafiki." Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia wamekosana na dadake kwa sababu ya shamba la baba yao, wana miezi hawajaongea, na alikuwa amesema maneno ambayo hata hawezi kuyarudia mbele yangu. Kwa hesabu yake, Mungu alikuwa amefunga sikio mpaka hayo yaishe, na kijana alikuwa akilipia.

Nikamwambia, "Mama, nitaomba, lakini anza wewe. Anza na hayo ya shamba." Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema sentensi moja, "Baba, nihurumie mimi, na umhurumie huyu mtoto," na akalia. Hiyo ni 4:16 nzima: rehema, na msaada wakati wa shida. Sikuwa na la kuongeza, lakini niliomba pia kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Kijana alikaa hospitalini majuma mengi kabla ya kurudi nyumbani, na anatembea na fimbo. Mambo ya shamba bado hayajaisha. Lakini dadake alikuja wodini siku ya nne, na mama ndiye aliyempigia simu.

Naeleza haya kwa sababu kuna watu wanaofanya biashara kwenye pengo hili. Mtu asiyejua kwamba mlango uko wazi atamlipa yeyote anayedai ana ufunguo. Ndiyo maana nabii fulani anaweza kusema kwenye redio kwamba maombi yako yamekwama, na kuna kiasi cha mbegu cha kuyakwamua, na namba ya M-Pesa ni hii hapa. Mafuta ni bei hii, maji ni bei ile, na ukitaka aombe akitaja jina lako, utaongeza. Mpendwa, mimi ni mchungaji wako na nitakuombea bure, tena kwa furaha, kwa sababu Yakobo anatuagiza tuombeane. Lakini sina njia fupi ya kufika kwa Baba ambayo wewe huna. Pazia lililopasuka Yesu alipokufa (Mathayo 27:51) lilipasuka toka juu hadi chini, na halikuachwa pembe moja imeshonwa kwa ajili ya wachungaji.

Na tusidhani ni mambo ya pesa tu. Mwaka 2023 kule Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wao watu waliokufa njaa, watoto wakiwemo, baada ya kufundishwa kwamba kufunga mpaka kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Ya mahakama nawaachia mahakama. Lakini kama mwalimu wa Neno nilisoma habari zile nikifikiria Waebrania 10:19–20, ambapo njia ya kuingia inaitwa mpya na iliyo hai, na tayari imefunguliwa kwa mwili wa Yesu. Mwili wako hautakiwi kuifungua. Kufunga kwetu kwa mwezi wa kwanza ni kwema, nami nafunga, lakini tunafunga tukiwa ndani. Hatufungi ili tuingizwe.

Sasa twende kwa wale ambao shida yao ni hisia. Sisi Wapentekoste tunapenda kumhisi Mungu na sioni aibu juu ya hilo. Warumi 8:15–16 inasema Roho mwenyewe hushuhudia pamoja na roho zetu kwamba sisi ni watoto, na ushuhuda huo ni kitu halisi. Lakini kuna asubuhi unaamka na hakuna kitu. Ibada haikugusi. Jirani yako analia kwa furaha na wewe unaangalia saa. Je, usiku ule wokovu ulitoka?

John Wesley, ambaye sisi Wapentekoste tumerithi mengi kutoka kwa watu waliomfuata, alipitia hapo. Alikuwa mchungaji wa Kanisa la Uingereza na alikwisha kwenda umisheni Marekani na kurudi akiwa amevunjika moyo, ndipo tarehe 24 Mei 1738, kwenye mkutano mdogo katika mtaa wa Aldersgate, London, akahisi moyo wake ukipata joto na akajua kwamba dhambi zake, zake yeye, zimeondolewa. Siku hiyo inakumbukwa mpaka leo. Kinachosahauliwa ni kwamba Januari 1739, miezi saba tu baadaye, aliandika kwenye shajara yake kwamba yeye si Mkristo, kwa sababu alijipima akaona hana upendo na furaha aliyotarajia. Aldersgate ilikuwa ya kweli, na ile Januari ilikuwa nyeusi kweli. Mwaka huo huo alianza kuhubiri nje viwanjani, na akaendelea kuhubiri mpaka alipokufa mwaka 1791. Kama wokovu ungekuwa unapanda na kushuka na joto la moyo, Wesley angekuwa ameokoka Mei na kupotea Januari.

Waebrania 6:18 inatuita watu tuliokimbilia kimbilio, na Mwebrania akisikia hivyo anawaza ile miji sita ya Yoshua 20. Mtu ameua mwenzake bila kukusudia, ndugu wa marehemu anamfuata na silaha, anakimbia mpaka Hebroni ama Shekemu, anaingia langoni. Usiku ule anaweza kutetemeka kitandani. Anaweza kuota anashikwa. Kutetemeka kwake hakubomoi ukuta. Jirani yake naye anakoroma kwa amani, na wote wawili wako salama sawasawa, kwa sababu wako ndani. Na kuna sharti moja katika Hesabu 35:25 ambalo hupitwa haraka: mtu huyo alikaa salama mjini mpaka kuhani mkuu afe, ndipo arudi kwao akiwa huru. Maisha yake yalifungwa na maisha ya kuhani. Sasa soma Waebrania 7:23–25 juu ya kuhani wetu, ambaye alikufa, akafufuka, hafi tena, na anaishi ili atuombee. Uhuru umekwisha kuja na ulinzi haukuondoka.

Najua kuna ndugu anayesoma hapa na kusema, "Mchungaji, mafundisho haya yatawafanya watu walegee. Na je, 10:26?" Swali zuri, na Biblia yenyewe haitaki tulikwepe. Barua hii ina maonyo makali kuliko karibu zote katika Agano Jipya. Lakini angalia onyo linamlenga nani. Ukisoma mpaka mstari wa 29 utamwona: ni mtu anayemkanyaga Mwana wa Mungu, anayeidharau damu, anayemtukana Roho wa neema. Huyo anamwacha kuhani na kuondoka, macho wazi. Sisemi hilo haliwezekani. Kanisa letu linafundisha kwamba mtu anaweza kuiacha imani, na nimewaona walioiacha. Lakini walioiacha hawakuja ofisini kwangu wakilia wakiuliza kama Mungu bado anawataka. Mwenye kulia hivyo yuko langoni, na mwandishi huyo huyo anamwambia aingie.

Kwa anayeanguka na kujuta, Yohana alishaandika: tunaye mtetezi kwa Baba (1 Yohana 2:1). Tubu, tena kwa kutaja kitu kwa jina lake. Kama uliiba, sema uliiba na urudishe. Wala usiende tena kuanza wokovu toka mwanzo kana kwamba hukuwa umezaliwa. Mtoto akivunja sahani anaadhibiwa na anasamehewa. Hatafutiwi cheti kipya cha kuzaliwa.

Yohana pia ndiye aliyefunga uhakika na maombi pamoja. Katika 1 Yohana 5:13 anasema amewaandikia wanaoamini ili wajue kwamba wana uzima wa milele. Wajue, si wakisie. Mstari unaofuata, wa 14, ndio unaotaja ujasiri mbele zake: tukiomba kwa mapenzi yake, anatusikia. Usitenganishe mistari hiyo. Watu wengi wanang'ang'ania wa 14, wanataka maombi yajibiwe, na hawajatulia kwenye wa 13. Na kwa zile siku moyo wenyewe unapogeuka kuwa mshitaki, kuna 3:20: Mungu ni mkuu kuliko moyo wako, naye anajua yote. Yote. Hakuna kitu moyo wako utamwambia juu yako ambacho kitamshangaza.

Basi wiki hii fanya hivi. Siku utakayokosea, omba siku hiyo hiyo, kabla hujalala, hata kama ni dakika mbili na huna maneno mazuri. Usingoje Jumapili. Usianze na sifa ndefu ili kumlainisha Mungu. Anza na lile unaloona aibu kulitaja, halafu omba ulichotaka kuomba, bila kupunguza.

Vikundi vya ushirika, Jumatano someni Waebrania 7 hadi 10 kwa sauti, mkigawana sura. Haifiki nusu saa. Halafu kiongozi asiombe kwanza. Aombe kwanza yule ambaye hajaomba kwa sauti kwa muda mrefu, akiwa tayari, na wengine wasimrekebishe maneno.